Lango la Obware Hufungwa kwa Siku Tano

Kufungua lango la maji hakuhitaji akili. Unashika gurudumu la chuma, unazungusha, maji yanatoka kwa kishindo, na watu waliosimama kando wanapiga makofi kana kwamba wewe ndiye uliyeyaumba. Kazi iko kwenye kufunga. Nawaandikia ninyi mnaoanza sasa kazi hii ya kugawa maji kati ya shamba na mto. Kama mtasoma ukurasa huu mmoja kisha mrudi kwenye simu zenu, basi bebeni neno hilo: fungeni polepole. Mtakaobaki nitawaeleza nililipata wapi.

Mimi ni Salim, mtoto wa duka la vitambaa mjini Homa Bay. Babu yangu alitoka pwani na robota mbili za kanga akaona ziwa linamtosha. Nyumbani tulisema Kiswahili, na dukani Kidholuo cha kupatana bei, kwa hiyo mpaka leo naweza kumshawishi mtu anunue mita tatu za kitambaa lakini siwezi kumfariji msibani. Nilisomea viumbe vya majini chuo kikuu, nikarudi na digrii, pikipiki ya ofisi, na tabia ya kuuliza "kwa nini" kabla sijamaliza salamu. Ilikuwa miaka ya tisini. Watu wa Nyatike hawakuchukua wiki moja kunipachika jina: Bwana Kwa Nini. Sikukasirika, nami sijaacha. Nilikuwa siamini kitabu, siamini wazee, siamini mkubwa wangu wa kazi. Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja niliyemwamini bila kumuuliza chochote, naye alikuwa mimi.

Mto wenyewe unaitwa Obware. Msiutafute kwenye ramani kubwa. Kiangazi unavukwa kwa kurukia mawe. Unaanzia vilima vya Kuria, upande wa Ntimaru, unateremka hadi tambarare ya Nyatike, unaingia mto Kuja, na Kuja unaingia ziwani. Kabla yangu, mradi fulani ulijenga ukuta wa zege katikati yake, ukatia lango la chuma na kuchimba mfereji wa kupeleka maji kwenye mashamba ya mpunga na nyanya. Kisha mradi ukaondoka, kama ilivyo desturi ya miradi. Ukuta ukabaki kwa wakulima, nao wakafurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, maana mvua ya huku chini ni ya kubahatisha.

Ambaye hakuulizwa ni ningu.

Ningu ni samaki wa kwetu, si mgeni kama mbuta. Ana midomo minene, utadhani anataka kukubusu. Anaishi ziwani, lakini mvua za masika zikianza hupanda mito kwenda kutaga. Chini ya ukuta wa Obware kuna uwanda wa nyasi, na zamani mto ulikuwa ukifurika pale mpaka magotini. Ningu walipanda makundi kwa makundi, wakataga ndani ya nyasi, kisha maji yalipopungua taratibu wakateremka, na watoto wao nyuma yao. Ukuta uliyameza mafuriko yale madogo. Ningu wakija, walikuta maji ya kuoshea miguu.

Ofisi yangu ikanituma nijaribu jambo ambalo wakati huo lilionekana wazimu: kuwaomba wakulima wafungue lango kwa makusudi, maji yao waliyoyahifadhi yaende kulowesha nyasi zisizoliwa na mtu.

Mwenyekiti wa wakulima alikuwa Mwalimu Odera, mstaafu, mtu wa koti la suti hata shambani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Bwana Salim, nimekuelewa. Tutakupa siku saba za maji kila masika, kwa misimu miwili. Usipotuonyesha samaki, lango hili litafungwa na kufuli, na maji yote yatakwenda mferejini. Sisi hapa hatuli nadharia."

Akalitoa hilo kufuli mfukoni. Lilikuwa kubwa kama ngumi, la shaba, bado limepakwa grisi ya dukani. Aliniwekea mkononi nilipime uzito, kisha akalirudisha kwenye koti.

Mlinzi wa lango aliitwa Chacha, Mkuria wa Ntimaru, aliyekuwa mchungaji wa ng'ombe tangu utotoni mpaka goti likamkataza. Samaki hakuwajali hata kidogo. "Kitu kisichopepesa macho," aliniambia siku ya kwanza, "huwezi kujua kinawaza nini." Chakula chake cha mchana kilikuwa ugali na maziwa ya mgando, na nikikaa karibu naye na omena zangu, dagaa wa ziwani, alihama upande wa upepo.

Sasa niwaambie kuhusu mwaka wa kwanza, kwa sababu aibu huoza ukiificha.

Nilipanga siku kwa kalenda. Nilikuwa nimehesabu vizuri: wiki fulani ya Aprili, siku saba, gurudumu mizunguko miwili na nusu. Jumatatu asubuhi tulifungua. Watu walipiga makofi. Uwanda ukajaa maji safi, unaona mpaka mchanga wa chini. Jumanne hakuna samaki. Jumatano hakuna. Alhamisi nilisimama pale na daftari langu, kuna bata watatu.

Ijumaa asubuhi maji yalibadilika rangi. Yalikuwa mekundu, mazito kama chai ya maziwa iliyokolea. Mvua ilikuwa imenyesha Kuria. Na kabla ya adhuhuri, nyasi zilianza kutikisika bila upepo. Walikuja wengi hata Chacha akaacha mgando wake akasimama. Migongo yao ilikata maji, walipigana vikumbo, walirukiana. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Siku ya saba ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimeahidi siku saba, na nilitaka wakulima wajue kwamba mtu wa ofisi anaweza kushika ahadi. Saa sita kamili mchana nilishika gurudumu, nikafunga mizunguko yote miwili na nusu kwa pumzi moja. Nilijipangusa mikono. Nilijiona mwaminifu sana.

Ilipofika saa nane uwanda ulikuwa vidimbwi. Saa tisa ulikuwa tope. Ningu walikuwa wamelala ubavu kila mahali, wakipigapiga mikia, na watu waliokuwa wakitoka kanisani walishuka kwa vifijo, na karai, na ndoo, na mama mmoja na kofia yake ya Jumapili. "Asante daktari!" walinipigia kelele. "Mungu akubariki daktari! Kila Jumapili!" Mwanamume mmoja aliniletea ningu sita waliopitishwa unyasi kwenye mashavu, akanishikisha, akanipiga begani. Kwao nilikuwa nimewaandalia karamu. Kwenye mabua ya nyasi mayai yalikuwa yamenata, madogo kama mbegu za pasheni, na jua lilikuwa linayakausha nikitazama.

Katikati ya shamrashamra hiyo nilimwona mwanamke mwenye karai akienda upande wa pili. Wengine walikuwa wakipanda nyumbani. Yeye alikuwa akiteremka mtoni. Alichota samaki kutoka kidimbwini, akatembea hadi kwenye mkondo, akawamwaga, akarudi. Nilimfuata na kumuuliza anafanya nini.

"Si unaona?" alisema. "Shika hapo."

Nikashika upande wa pili wa karai. Tulikwenda na kurudi mpaka kiza kikaanza kuingia. Sikumbuki tulifanya safari ngapi. Alipochoka alikaa kwenye jiwe, akakamua pindo la gauni lake, akasema, "Wewe umeita wageni, nyathina. Wamefika, wamevua viatu, wameketi. Halafu umevuta mkeka."

Aliniita nyathina, mwanangu, kwa hiyo nilijua hajanichukia. Lakini sikulala vizuri kwa wiki nzima.

Huyo ndiye Mama Pilista. Nyumba ya marehemu mumewe ndiyo iliyokuwa na kek ya Obware tangu enzi za babu zao. Kek ni ua wa matete na fito unaosimikwa kuvuka mto, wenye mitego ya vikapu, na kila kek ina mwenyewe kama shamba lilivyo na mwenyewe. Na ina adabu yake: samaki wakipanda, ua unaachwa wazi. Unafungwa wanaporudi tu, wakishataga. Ukikamata anayepanda, umekula mbegu. Tangu ukuta ujengwe kek haikusimikwa, kwa kuwa hapakuwa na wa kurudi. Mama Pilista alikwenda kuuza omena Sori, kando ya ziwa. Lakini fito zote alizipanga juu ya jiko lake, moshi uzikinge na mchwa, na kila mwaka aliziteremsha, akazifuta, akazipandisha tena. Siku niliyokwenda kuomba msamaha alinielekezea kidole juu, kwenye fito.

"Kufuli la Mwalimu likifungwa," alisema, "hizo ni kuni."

Hakulia wala hakuniomba kitu. Aliendelea kumenya viazi.

Mwalimu Odera naye aliniita. "Kwa hiyo samaki walikuja?"

"Walikuja, Mwalimu."

"Na wakaliwa."

"Ndiyo."

"Mimi mwenyewe nilikula wawili. Walikuwa watamu." Akapapasa mfuko wa koti. "Umebakiza msimu mmoja."

Nilipomlalamikia Chacha kwamba alikuwa pale pale na hakunizuia, alinijibu neno ambalo nimelibeba miaka yote. "Mimi niliona unafunga kwa nguvu, nikasema huyu amesoma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ndiye wa kuuliza, mura," alisema, yaani kijana kwa Kikuria. "Unauliza mpaka ng'ombe wa watu jina. Siku hiyo hukuuliza."

Baada ya hapo tulianza kujifunza kazi, mimi na yeye. Miezi ya katikati, mpunga ukiwa umeshavunwa na hakuna mtu wa kutugombeza, tulikuwa tukifungua maji kidogo na kuyafunga kwa namna mbalimbali. Chacha alichomeka vijiti kwenye nyasi na kufunga kamba za migomba palipofika maji. Ukifunga mzunguko mzima, maji yanashuka shubiri nzima wakati mtu anakunywa chai. Ukifunga nusu, yanashuka upana wa kiganja. Ukifunga robo, yanashuka kidole. Tulikubaliana na kidole. Robo asubuhi, robo jioni: mizunguko miwili na nusu inakuwa siku tano. Leo mna vyombo vinavyopima yote hayo na kuyatuma ofisini kwa simu. Vizuri. Lakini chomekeni kijiti hata hivyo, maana siku chombo kitakapodanganya, kijiti ndicho kitakachokisengenya.

Jambo la pili ni rangi. Maji safi ya bwawa hayamwiti ningu. Lazima yaondoke pamoja na mvua ya vilimani, yapande mgongoni mwa mafuriko. Tatizo ni kwamba huku chini jua linawaka, na huko juu mvua inanyesha, na ofisini kwangu simu ilikuwa moja na ufunguo wake ulikuwa kwa mkubwa. Ni Chacha aliyelitatua. Kulikuwa na lori lililopita njia yetu kutoka Ntimaru kwenda Sori kununua omena. "Usimuulize dereva," alisema. "Dereva atakwambia unachotaka kusikia ili aende. Tazama magurudumu." Vumbi, hakuna kitu. Matope makavu, mvua ya juzi. Matope mekundu mabichi mpaka kwenye kioo, fungua lango. Nimekwenda mikutano mingi tangu wakati huo, nimeona watu wenye picha za mawingu kutoka angani, na bado sijaona kipimo cha mvua ninachokiamini kuliko magurudumu ya lori lile.

Msidhani niliamini kila nilichoambiwa. Mama Pilista aliniapia kwamba mtu akipiga mbinja mtoni ningu hawaji. Mimi nikasema lazima nijue. Mwaka wa pili, walipoanza kupanda, nilisimama ukingoni nikapiga mbinja mpaka midomo ikafa ganzi. Wakapanda. Nikamwendea kwa furaha ya mtu aliyeshinda hoja. Akanitazama kwa huruma. "Hiyo yako si mbinja," alisema. "Hiyo ni birika."

Basi tufike kwenye mwaka huo wa pili.

Tulingoja lori. Wiki ya kwanza ya Aprili lilipita na vumbi. Ya pili, vumbi. Wakulima walianza kunichekea: "Bwana Kwa Nini, leo gari limekwambiaje?" Alhamisi ya wiki ya tatu lilipita kama limechovywa kwenye rangi, matope mpaka juu ya paa, na kabla halijapotea kwenye kona Chacha alikuwa ameshashika gurudumu. Maji ya bwawa yalitoka, maji mekundu yakayafuata usiku huo, na asubuhi uwanda ulikuwa umejaa migongo. Siku saba zilipita namna hiyo. Hakuna aliyewagusa, maana Mama Pilista alikaa ukingoni na jembe mapajani, akiwasalimia wapita njia.

Siku ya saba nikaenda kwenye mkutano wa wakulima kuomba siku tano zaidi za kufunga.

Kulikuwa na kelele. Na sikilizeni, vijana, hawakuwa watu wabaya. Vitalu vyao vya mpunga vilikuwa vinageuka manjano. Mtu mmoja alisimama akauliza kama watoto wake watakula nyasi. Mwalimu Odera, aliyeshika shule nzima akiwafundisha watoto kwamba haraka haraka haina baraka, aligonga meza: "Siku saba zimekwisha! Ufunge leo, saa sita, kama mwaka jana!"

Hapo Mama Pilista akasimama nyuma.

"Mwalimu, mimi si mtu wa maneno," alisema, na watu wakacheka kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno. "Kesho nasimika kek. Hawa wakirudi na maji polepole, wataingia mle, mtawaona kwa macho. Siku ya tano ikiisha na kek ni tupu, leta hilo kufuli. Nitalifunga mimi kwa mkono wangu, na hizo fito nitawapikia nazo chai nyote."

Mwalimu Odera aliinua vidole vitano. "Siku tano," akasema. "Si sita."

Tulisimika ua siku ya kwanza ya kufunga. Fito zilikuwa nyeusi kwa moshi, na mikono yake haikusahau hata fundo moja. Asubuhi Chacha alifunga robo. Jioni robo. Kidole, kidole.

Siku ya pili kek ilikamata samaki mmoja tu, kamongo mwenye hasira. Siku ya tatu ilikamata ndala moja ya mguu wa kushoto. Mwalimu Odera alikuwa akija kila asubuhi na koti lake, akichungulia kwenye vikapu. Uzito wa kufuli ulikuwa umeuvuta mfuko mpaka koti likalegea upande mmoja. Siku ya nne, hakuna. Kando ya mfereji wakulima walikuwa wamekaa wakitutazama, wala hawakucheka tena, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jioni hiyo ya nne nilishindwa. Nilijiambia: labda wanahitaji kusukumwa kidogo. Maji yakishuka ghafla kiasi, wataogopa, watateremka, watu wataona. Nilipanda kwenye lango. Chacha alikuwa ameketi juu ya ukuta, mguu mbovu ameunyoosha.

"Unafunga ngapi?" akauliza.

"Robo zote tatu zilizobaki. Kwa nini wasirudi, Chacha? Kuna nini?"

Hakusimama. "Umeuliza," alisema. "Vizuri. Sasa mimi nakujibu. Ng'ombe wakiwa kwenye majani mazuri hawarudi bomani kwa sababu wewe umechoka. Jani likiisha, anainua kichwa mmoja. Ng'ombe mkubwa. Wengine wanafuata. Ukipiga fimbo kabla, wanatawanyika, na ndama wanapotea. Nenda utazame vijiti."

Nilikwenda kutazama vijiti. Maji yalikuwa bado juu ya mizizi ya nyasi, unene wa vidole viwili. Walikuwa bado na mahali pa kukaa. Nilirudi ukutani na kuondoa mikono yangu kwenye gurudumu, nikaiweka chini ya makalio nikaikalia. Chacha akafunga robo yake, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala.

Asubuhi ya tano maji yalikuwa kwenye mizizi. Chacha akafunga robo. Tuliteremka kwenye kek: Mama Pilista, mimi, Mwalimu Odera, na nusu ya kijiji nyuma yetu. Maji yalipita kwenye fito, yakipiga kelele ndogo. Tukasimama. Jua likapanda. Mtu mmoja akakohoa.

Kisha kikapu cha katikati kikatikisika.

Kikatikisika tena. Kikaruka. Na cha pili. Na fito zote zikaanza kugongana kama meno ya mtu mwenye baridi, na maji juu ya ua yakawa migongo mitupu. Mama Pilista alishuka na gauni lake, maji kiunoni, akaanza kutupa ningu ukingoni, mmoja, wawili, karai, makarai mawili, huku akitukana kwa furaha kwa lugha niliyoifahamu nusu tu. Watu walipiga vigelegele. Mwalimu Odera alisimama na miwani yake mkononi, samaki mmoja akaangukia kiatu chake, na hakukisogeza.

Karai la nne lilipojaa, Mama Pilista alishika kipande cha ua katikati ya mto, akaking'oa. Ningu wakamiminika kwenye pengo kwenda Kuja, kwenda ziwani.

"Mama!" Mwalimu Odera alipiga kelele. "Unaachilia?"

"Hawa wametosha. Hao ni wa masika ijayo." Akachota maji kwa sufuria kandokando ya nyasi, akamletea. "Vaa miwani, Mwalimu. Tazama."

Akatazama. Nami nilichungulia juu ya bega lake. Maji yalikuwa na vitu vingi vyembamba kama kope, vyenye macho mawili meusi, vinaogelea vyote upande mmoja. Chacha naye akaja, akainama, akavitazama kwa muda.

"Hawa ndio ndama?" akauliza.

"Ndio ndama."

"Wanafuata," alisema, ameridhika kabisa, akaenda zake kupaka lango grisi.

Mwalimu Odera aliimwaga sufuria mtoni mwenyewe, taratibu, kwa mikono miwili. Kisha akaingiza mkono mfukoni. Akatoa kufuli.

"Bwana Salim," alisema, "wewe utahamishwa. Chacha ana goti. Na mimi nina haraka, najijua. Masika ijayo vitalu vikigeuka manjano, nitakuja hapa saa sita nifunge mizunguko yote, nikiwa na sababu nzuri sana." Akageukia lango. "Nipeni mnyororo."

Mnyororo ulipatikana kwenye baiskeli ya Chacha. Tuliupitisha kwenye gurudumu na kwenye nguzo, tukaupima mara tatu, mpaka ukawa na ulegevu wa robo mzunguko tu, hata kidogo zaidi hapana. Wakati wa kufungua lango, mnyororo ulitolewa wote. Kufunga, ulirudishwa. Ukitaka robo ya pili lazima ufungue kufuli, usogeze mnyororo, ufunge tena. Mwalimu Odera akabana lile kufuli la shaba, akajaribu gurudumu kwa nguvu zake zote. Likakataa.

Akampa Mama Pilista ufunguo.

Nilihamishwa kweli, lakini baada ya masika nyingine nne. Katika masika zote hizo, asubuhi na jioni kwa siku tano, mimi mwenye digrii nilitembea hadi kwenye jiko lake, nikabisha hodi, na kuomba robo mzunguko. Mara nyingine alikuwa na uji na alisema ningoje uive. Nilingoja. Juu ya jiko, mahali pa zile fito, palikuwa wazi. Kulikuwa na alama nyeusi tu za moshi, kwa sababu kek ilikuwa mtoni.